Koti la Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi
Kitindamimba wangu kaniwekea masharti. Jumamosi asubuhi anaigiza simba shuleni kwao, na kiti cha baba ni kimoja tu. Nisipotokea, kama mara mbili zilizopita, atampa mjomba wake. Mjomba! Yule anayepiga makofi mchezo haujaanza! Ila chuoni kwetu mhadhiri akionekana anaondoka mapema, huyo mvivu, na kupandishwa cheo asahau. Nimewaza. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi
Koti mgongoni mwa kiti. Miwani ya zamani juu ya kitabu kilichofunuliwa. Chai nusu kikombe. Taa inawaka, mlango wazi kidogo. Mimi huyoo, ngazi za nyuma, saa tisa alasiri! Mama watoto kaniona mlangoni, akauliza kama nimefukuzwa kazi. Kitindamimba kanifundisha kunguruma hadi koo likauma. Mungu alibariki koti lile.

Jumatano, 5 Machi
Kikao cha idara. Mama Mkuu wa Idara kanisifu mbele ya wote: jana taa yangu iliwaka hadi usiku! Jirani yangu wa ofisi, Dakta Mluzi, kanuna. Kichwa kikanivimba. Kumbe natiwa kitanzi. Nimeteuliwa mwenyekiti wa Kamati ya Mapumziko, ya kuchunguza kwa nini wahadhiri hatupumziki. Kikao cha kwanza Jumamosi asubuhi. Na mimi nikashukuru! Mdomo huu utaniponza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu kumtwika Mluzi uenyekiti. Nikamwambia ni heshima kubwa. Akasema heshima hiyo ni ya mwenye taa, akaenda zake akipiga mluzi. Nikamwendea Mama Mkuu na jino bovu. Akatoa dawa mkobani, akanitaka nimeze palepale. Jino zima, dawa nimemeza. Nyumbani kitindamimba kauliza kama kweli nitakuja. Nimeapa. 

Jumamosi, 8 Machi
Nimefungua kikao, wajumbe ni Mluzi na Mama Mkuu. Mara Mama Mkuu katoka kupokea simu, kaacha mkoba kitini. Mwanya huo! Nikaomba kwenda msalani, koti likabaki kuongoza kikao. Mbio! Shuleni nimefika natweta, mjomba mtu keshainama kukalia kiti changu. Nikamwahi. Simba kuniona tu, akanguruma kabla ya zamu yake, sungura akaanguka chali. Nimelia hadharani, wala sioni haya. Nyuma yangu kuna mtu naye analia. Nageuka: Mama Mkuu! Sungura ni mjukuu wake. Tukatazamana. Akanipa leso.

Jumatatu, 10 Machi
Kumbe Mluzi, koti na mkoba walipitisha maazimio yote bila kupingwa. Mama Mkuu kaniita. Nikajua yamenifika. Wapi! Katangaza kila mhadhiri aondoke saa tisa, kichwa juu. Uenyekiti kapewa Mluzi. Nina bahati jamani! Bosi mwenye moyo, mke mvumilivu, simba wangu. Hata Mluzi namshukuru.

Jumanne, 11 Machi
Saa tisa niko nyumbani, kihalali kabisa! Raha ilioje. Ila kuna makala yangu, imebaki kidogo tu. Nimetundika koti kwenye kiti changu cha mezani, miwani juu ya gazeti, nikachomoka kurudi ofisini. Kitindamimba kapiga simu sasa hivi. Anasema chakula tayari, na koti limekataa kunguruma.

Kesho nitaongeza kofia.