Jezi ya Metro Kostyk

Jumatatu, 3 Februari
Baridi nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Goti la kushoto halitaki kunisikia. Lakini nimeipata! Mnada wa kanisa, boksi la mapazia, chini kabisa: jezi ya sufu ya golikipa, kijani na nyeupe, namba moja mgongoni. Ya Metro Kostyk mwenyewe, marehemu, aliyeuletea mji wetu wa Plover Creek kombe la hoki la mwaka 1956. Kabati la vioo la kumbukumbu pale uwanja wa barafu limebakiwa na nafasi moja. Kamati ya uwanja inaamua Jumapili kitakachoingia. Kila kitu humo kina kadi yenye jina la aliyekitoa. Arvid Haugen, mkusanyaji mwenzangu, yumo mara nne. Mimi, baada ya miaka thelathini ya kukusanya glovu zinazonuka, simo. Nimechoka kupita pale nikimsoma Arvid.

Jumanne, 4 Februari
Kazi ya kitaalamu. Lenzi, taa, picha ya fainali. Pichani kiwiko cha kulia kina tundu lililozibwa kwa mishono tisa, wa nne umepinda. Nikahesabu kwenye jezi. Tisa. Wa nne umepinda! Nikapiga ukelele. Mke wangu Corinne akaja mbio akidhani ni moyo. Nikamweleza. Akasema afadhali ungekuwa moyo, una dawa.

Ushahidi zaidi: kwapani jasho la kale, nimelinusa mara tatu. Kifuani doa la haradali. Nimeandika daftarini: "Bingwa alikula soseji kati ya vipindi. Mtu wa watu." Nilitokwa na machozi kidogo, sioni aibu.

Jumatano, 5 Februari
Nimeipeleka kantini ya uwanjani, watu waione. Arvid akaipapasa kama anayenunua ng'ombe. "Wendell, ndugu yangu, sufu ya hamsini na sita ingekuwa imeshaliwa na nondo mpaka kola." Nikamjibu kwamba nondo wa mji huu wanaheshimu mabingwa. Kantini nzima ikacheka, sijui ikimcheka nani. Arvid akasema wa kuulizwa ni mmoja tu, Bi Stefka, mjane wa Metro. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nitaleta barua yake. Sasa sina pa kurudi.

Alhamisi, 6 Februari
Dhoruba. Barabara imefungwa. Nimeandika kadi yangu ya kabatini mara sita. Ya sita ndiyo nzuri: "Imetolewa na Wendell Hrycan, mtaalamu." Corinne akauliza mtaalamu wa nini. Nikalipigia neno hilo mstari.

Ijumaa, 7 Februari
Siku ya kusahaulika.

Bi Stefka ana miaka tisini na minne na bado anapika mwenyewe perogi, zile sambusa zao za kuchemsha. Niliingia na theluji na matope yote ya wilaya miguuni, nikajifutia buti kwenye tambara la kijani alilolalia mbwa wake, Bublik. Tambara lenyewe matundu matupu. Mbwa akaninung'unikia. Nikatandaza jezi mezani na kuomba barua.

Bibi akaangalia kiwiko. Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji.

"Hii nimeifuma mimi, mwanangu! Sherehe ya miaka mia ya mji, elfu mbili na tano. Akina mama tulifuma kumi na nane, picha iko mbele yetu. Huo wa nne niliupinda makusudi, ufanane na wa Metro."

Ndiyo maana imefanana na picha! Imenakiliwa kutoka picha hiyohiyo!

Hakuishia hapo. Akauliza kwani golikipa wa mechi ya sherehe si nilikuwa mimi? Si ndimi niliyefungwa mabao kumi na moja, nikaenda kukaa pembeni na soseji, nikalia?

Doa ni langu. Jasho ni langu. Siku nne nimejinusa mwenyewe na kumwita bingwa.

Nikaanza kuvaa koti. Bibi akasema ningoje, ile yenyewe hasa ya Metro ipo, anayo Bublik, si hiyo ali... Nikamkatiza. Nikamwambia kwa heshima zote, Bi Stefka, leo sina nguvu za kusikiliza habari za mbwa. Nikaondoka. Hata perogi sikula.

Jumamosi, 8 Februari
Sikutoka kitandani. Corinne amekuwa mpole kwangu, na hilo limeniumiza kuliko yote.

Jumapili, 9 Februari
Nilikwenda. Nikasimama nyuma, karibu na mlango. Arvid akafungua mfuko, akatoa tambara la mbwa.

Tambara la mbwa! Manyoya kila mahali, kola imeliwa na nondo. Kiwiko cha kulia, mishono tisa, wa nne umepinda. Na barua ya Bi Stefka. Inasemekana jana Arvid alikwenda kumwondolea theluji mlangoni, bibi akasimulia habari za mbwa, naye akakaa akasikiliza. Watu wakapiga makofi, likaingia kabatini papo hapo. Kadi ya tano. Corinne akaninong'oneza kwamba siku nyingine nimwache mtu amalize sentensi yake.

Sikumsikia vizuri, maana nilikuwa nimeona kitu. Chini ya namba moja kuna alama ya matope. Buti la mguu wa kulia!

Nimerudi nyumbani kuchukua lenzi na buti. Nimelinganisha na picha niliyoipiga kupitia kioo cha kabati. Mistari ya soli kumi na minne, wa tisa umekatika. Kila mmoja unalingana. Ni langu, bila shaka yoyote. Nimeshaiandikia kamati kudai kadi yangu.