Mpini Hauzunguki

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Nimeula! Muhidini wa dukani kachukua cherehani ya mke wangu, kanipa mashine ya mkono ya kusagia kahawa. Consolatha yuko Nyamisati kwa dada yake hadi Alhamisi. Nikiuza vizuri, naikomboa kabla hajarudi. Hatajua kitu.

Jumatano ni maulidi kwa Mzee Kibwana, na kahawa nimepewa mimi! Si Bi Semeni, anayetwanga kwenye kinu tangu enzi za Mjerumani. Serikali ilinipunguza kazi ikasema tujiajiri. Basi, nimejiajiri.

Jumapili, 6 Agosti

Kahawa ya Bi Semeni ina tangawizi. Yangu ikose? Nikamimina buni pamoja na tangawizi kavu, vipande vizima. Kra! Mpini hauzunguki. Mbele, wapi. Nyuma, wapi. Nikausukuma kwa goti. Goti limevimba. Muhidini anasema mashine ni nzima, ila mkono wangu ni wa karani. Mshenzi.

Jumatatu, 7 Agosti

Mafuta ya taa! Nimemimina kikombe kizima. Mpini ukalegea, nikashangilia peke yangu. Kahawa inanuka jiko la mafuta, nimeianika juani. Mchana imekwama tena, nyuzi za tangawizi zimejisokota kwenye meno. Nikaifungua, nikazichokoa, nikaifunga. Skrubu moja imebaki mkononi. Labda ni ya akiba.

Jumanne, 8 Agosti

Haikuwa ya akiba. Mpini umechomoka, umeniangukia mguuni.

Nimeazima kinu kwa Bi Semeni. Nilimwambia ni cha kutwangia kisamvu. Akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima, ni kisamvu gani hicho kinachokaangwa kwanza. Nimetwanga nyuma ya choo. Mikono malengelenge matupu. Kahawa haikutosha, nikaongeza ile ya juani. Nani atajua?

Jumatano, 9 Agosti

Wamejua wote. Mzee Kibwana alisema kwa upole kwamba kahawa ile ingefaa zaidi kwenye kibatari. Akaitwa Bi Semeni, akaja na birika lake, la moto kabisa. Alikuwa ameshaandaa! Roho mbaya ile!

Nikaenda kumbembeleza Muhidini. Anasema cherehani ameiuza jana kwa fundi wa Ruaruke. Nimelia, na sioni aibu kuandika. Ndiyo iliyotulisha tangu niachishwe kazi.

Alhamisi, 10 Agosti

Consolatha hakupiga kelele. Heri angepiga. Alitazama pale ilipokuwa cherehani, akafunga nguo zake, akasema nisikanyage Nyamisati bila hiyo cherehani. Akaondoka.

Ijumaa, 11 Agosti

Nyumba kimya. Nimewaza usiku kucha, na kosa nimeliona: mashine ilikuwa ndogo. Muhidini anayo ya kukamulia miwa, kubwa, chuma kitupu, ameapa haikwami. Anataka kitanda. Kitanda chenyewe ni cha watu wawili, nami ni mmoja. Matendegu nimeshayafungua.