Maombi ya Sebuleni kwa Daktari Kitavi

Jumatatu, 6 Oktoba
Wahadhiri bado wamegoma. Asubuhi Baba alikuwa katikati ya jiji na wenzake, akiimba na kupeperusha matawi. Jioni akafundisha falsafa hapa sebuleni kwetu, mtaa wa Jamhuri, mapazia yamefungwa! Nilimuuliza mtu anawezaje kugoma na kufundisha siku moja. Akasema anaigomea serikali, si wanafunzi. Nimelifikiria sana jibu hilo. Sijalimaliza.

Jumanne, 7 Oktoba
Hatari! Mzee Masila, jirani yetu, ni kiongozi wa chama cha wahadhiri na rafiki wa Baba tangu ujana. Leo aliuliza viatu vyote vile mlangoni ni vya nani. Akijua, Baba ataitwa msaliti, na urafiki utakwisha. Nikajibu upesi: ni vya watu wa maombi. Akashangaa, maana Baba huonekana kanisani Krismasi tu. Nikasema ndiyo maana maombi yanahitajika. Jibu zuri mno!

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa. Mke wa Masila, Mama Kaindi, alifika na birika la chai na akina mama wa kanisa. Nikauficha ubao kwa shuka. Baba akaombwa aongoze! Akafumba macho, akaomba tujaliwe kutofautisha sababu na matokeo. Wanafunzi waliinamisha vichwa, kalamu zikitembea. Deepa, wa mwaka wa mwisho, akanyoosha mkono katikati ya maombi na kuuliza swali. Akina mama wakaitikia "Amina!" Mama Kaindi aliondoka akifuta machozi. Alisema hajawahi kusikia maombi yenye mpangilio namna hiyo. Kesho atamleta mumewe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Alimleta. Mzee Masila alisikiliza, akainuka, akafunua shuka, akasoma ubao wote.
"Kitavi," akasema, "hata kudanganya hujui!"
Kumbe yeye hufundisha wanafunzi wake mtaa wa Mountain View, katika gereji ya shemeji yake. Majirani wa huko wanadhani ni shule ya udereva. Walicheka na Baba hadi chai ikapoa. Kisha akanigeukia: "Mukai, mwanangu, uongo huzaa wageni. Acha." Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Ijumaa, 10 Oktoba
Gereji imejaa. Wanafunzi wa Masila wamehamia kwetu, na mwenye nyumba ameniuliza umati huu ni wa nini. Maombi sikuyataja, kwa kuwa niliahidi. Nimesema ni kamati ya mazishi.
Anataka kujua nani amefariki, aje atoe pole.
Nimemwomba asubiri hadi jioni. Bado nachagua.