Fundi Kesho na Ndiyo Isiyo na Kiapo

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, majira ya kipupwe, wakati ambapo watu hukumbuka ghafula kwamba hawana nguo za mikono mirefu. Njoni basi, enyi wenye masikio. Sogezeni vigoda, nyamazisheni masufuria, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana inayosimuliwa hapa si habari ya wafalme waliotwaa miji, wala ya majemadari waliovusha majeshi yao mito yenye mafuriko. Wafalme wamesimuliwa vya kutosha. Hii ni habari ya mtu mmoja aliyesema "ndiyo" akaishia hapo.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa wote ulimwita Fundi Kesho. Wala hapakuwa na haja ya kuuliza sababu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililotenga chumba cha nyuma. Mbele ya pazia hilo alikaa yeye, utepe wa kupimia shingoni kama nishani ya jemadari, subana ya kukinga sindano kidoleni kama kofia ya chuma ya askari, na miguu juu ya kanyagio la cherehani yake nyeusi, farasi wake wa vita, aliyekimbia kutwa nzima asisogee hata shubiri. Mkasi wake ulikuwa mkali. Mkono wake haukukosea mshono. Adui yake alikuwa mmoja tu, naye alilala ndani ya kinywa chake mwenyewe, nyuma ya meno, mahali penye unyevu.

Kwa maana Fundi Kesho, shujaa wa kola na mtengeneza mapindo, hakuwa amewahi kumwambia mteja "hapana". Kila aliyeleta kitambaa aliahidiwa siku aliyoitaka. Na kwa kuwa siku za juma ni chache na vitambaa ni vingi, ahadi zilikanyagana kama kondoo langoni. Hapo ndipo viapo vilipoitwa vitani. Mteja aliyerudi mara ya kwanza aliapiwa haki ya Mungu. Aliyerudi mara ya pili aliapiwa mbingu na nchi. Na aliyerudi tena baada ya hapo, mikono kiunoni, alitolewa ile silaha kuu iliyohifadhiwa kwa ajili ya siku ya kuzingirwa: "Naapa kwa kaburi la marehemu mama yangu." Hapakuwa na mteja aliyeweza kusimama mbele ya kaburi hilo. Walilainika, wakasema pole, wakaenda zao.

Kaburi hilo lilikuwa na upungufu mmoja. Marehemu alikuwa mzima, akiishi kwa binti yake katika mji wa mbali, akila vizuri na kulalamikia chumvi.

Mwanzoni mwa mwaka huo binti alihamishwa kikazi, na mama akaja kuishi kwa mwanawe, katika chumba kile cha nyuma ya pazia. Fundi akafanya lile wanalolifanya majemadari wote wavivu hatari inapohamia ndani ya ngome. Akaendelea kuapa, ila kwa sauti ya chini.

Ikawa Jumatatu moja asubuhi akaingia Mkunga. Huyu ndiye aliyewapokea duniani nusu ya wakazi wa mtaa ule, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwinulia sauti, kwa maana alikuwa amewaona wakiwa uchi, wakilia. Jumapili iliyokuwa ikija angesimama kanisani kuwa mama wa ubatizo wa mtoto aliyemzalisha kwa taabu nyingi. Na kitambaa cha gauni lake, cha rangi ya kijani kibichi, kilikuwa kwa Fundi tangu mwezi uliopita, hakijaguswa hata na chaki.

"Fundi," akasema Mkunga, "gauni."

"Liko mbioni, mama."

"Linakimbilia wapi?"

"Kesho utalichukua, haki ya Mungu."

"Kesho yako naijua tangu ikiwa changa. Siku hizi ina ndevu."

Fundi akalitazama pazia. Lilikuwa limetulia. Akainama mbele, akashusha sauti hata ikawa kama ya mtu anayetubu, akasema, "Naapa kwa kaburi la marehemu mama yangu."

Pazia likafunguka. Akasimama pale mwanamke mfupi mwenye kilemba safi, kikombe mkononi.

"Marehemu anauliza," akasema, "chai yako aitie sukari au asiitie."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikokuwa jirani yake Kinyozi na mteja wake, mashine ya kunyolea ilizimwa ghafula. Mkunga akashika kiti, akaketi taratibu.

"Mama, samahani," akasema. "Wewe ni nani wake?"

"Ndiye mimi niliyefariki. Na wewe, bila shaka, ni mmoja wa waombolezaji."

"Mimi mwaka jana nilileta rambirambi. Kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Nikaketi hapa hapa. Nikalia."

"Asante, mwanangu. Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Alisema ni kifua."

"Kifua changu kizima," akasema mama. "Na sukari?"

Wanawake wawili wakamgeukia Fundi kwa pamoja, kama mizinga miwili juu ya boma moja.

"Niliinywa," akajibu, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza la kweli siku hiyo.

Mkunga akainuka, akakivuta kitambaa chake cha kijani kutoka chini ya rundo, akakikunja kwapani, akatoka bila kuaga. Ndipo mama alipoiweka chai juu ya meza ya kukatia, akaifungua hotuba yake.

"Nilikupeleka Shule ya Jumapili kwa miguu yangu hii. Ulifundishwa nini kuhusu kuapa?"

"Kwamba tusiape, mama."

"Kwa nini?"

Fundi akaushika mkasi, na mama akajijibu mwenyewe.

"Bwana aliwakataza wafuasi wake kuapa kwa mbingu, kwa sababu si mali yao, na kwa nchi, kwa sababu si mali yao, hata kwa vichwa vyao wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuugeuza unywele wake mmoja mweupe ukawa mweusi."

Upande wa pili wa mbao, Kinyozi, ambaye nusu ya riziki yake ilitoka katika kopo la rangi nyeusi, alikohoa.

"Ukabaki mweusi, nasema," akaongeza mama bila kugeuka. "Akawaagiza kwamba ndiyo yao iwe ndiyo na siyo yao iwe siyo. Anayeapa ili aaminiwe anakiri kwamba asipoapa husema uongo. Nawe umeapa kwa kaburi langu. Vema, mimi ni marehemu, na marehemu hasemi na walio hai. Siku mtu mmoja wa mtaa huu atakapokuachia kitambaa kwa ndiyo yako tupu, kisha akarudi akaikuta ni kweli, nitafufuka. Chai hiyo usiiache ipoe."

Pazia likaanguka kama lango la mji.

Nani atakayeyaeleza mazingiwa ya juma lile? Fundi Kesho alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini aliposema asubuhi, "Umeamkaje, mama?" na asijibiwe, alijiona mdogo kama kitufe cha shati la mtoto. Jioni mama alipakua chakula, akaketi mbele yake, akala akiutazama ukuta. Yeye aliyekuwa na maoni juu ya kila sufuria, kila jirani na kila wingu, sasa hakuwa na neno hata juu ya chumvi. Fundi, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa ameomba kimoyomoyo kupata utulivu kidogo, aliupata wote kwa mara moja, na haukumezeka.

Akaingia vitani. Jumanne alikuja mwenye duka la vyuma na kitambaa cha shati.

"Ijumaa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Apa."

"Siapi siku hizi."

"Umeugua?"

"Ndiyo yangu ni ndiyo, kaka."

"Ndiyo yako ndiyo iliyonipeleka harusini kwangu mwenyewe na suruali ya shemeji. Lete kitambaa."

Jumatano hali haikuwa tofauti. Biashara iliyojengwa kwa viapo ilianza kubomoka tofali kwa tofali, na Kinyozi, mshauri wa majemadari walioshindwa, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Jirani, apa kidogo tu. Mama hasikii."

"Anasikia."

Nyuma ya pazia marehemu akajisafisha koo.

Alhamisi adhuhuri kivuli kikaujaza mlango, naye alikuwa Mkunga. Mafundi wengine wote walikuwa wamezidiwa na makoti ya kipupwe.

"Sikuja kwa kupenda," akasema, akikikunjua kitambaa. "Nataka kola, mikono mirefu, na marinda kuzunguka kiuno chote. Jumamosi alasiri. Na usiniapie, nimechoka kuzika watu."

Hapo, enyi msikiao, ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, katika uwanja usiozidi upana wa kinywa. Ulimi ukajipinda kama upinde. "Ndiyo" ya uongo, ile ya zamani, mnene na laini, ikapanda kutoka kifuani ikiwa na viapo vyote nyuma yake kama wapagazi na mizigo yao. Ikavuka kooni, ikayagonga meno kwa ndani. Fundi akakaza taya. Akaitazama cherehani, akalitazama rundo, akayahesabu marinda katika akili yake kama mtu anayehesabu mikuki ya adui kutoka juu ya kilima. Akaimeza.

"Hapana," akasema.

Kinyozi akaangusha kitana.

"Hapana nini?" akauliza Mkunga.

"Marinda, hapana. Marinda ya kiuno kizima yanakula siku ambazo sina. Gauni lenye kola na mikono mirefu, lisilo na marinda, ndiyo. Jumamosi saa kumi."

Mkunga akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyezaliwa na bado hajalia.

"Tangu nikufahamu sijakusikia ukisema hapana."

"Hata mimi."

"Hebu rudia."

"Marinda, hapana."

"Na gauni?"

"Ndiyo."

Akasubiri sehemu iliyobaki. Haki haikuja. Mbingu hazikuja. Kaburi halikuja. Mkunga akakiweka kitambaa juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja.

"Mtu aliyeweza kuninyima marinda," akasema, "huenda akanipa gauni."

Alipokwisha kutoka, Fundi alisema kuelekea nyuma, "Mama, ameacha kitambaa." Hakujibiwa. Lakini mkono ukapenya chini ya pazia, ukasukuma kikombe sakafuni, ukajivuta ndani. Na chai ile ilikuwa na sukari.

Ijumaa adui alituma askari wake wa akiba. Gari likasimama, akashuka Mkandarasi, mjenzi wa maghorofa, mwenye kitambaa cha suti na desturi ya kutosubiri.

"Kesho jioni," akasema. "Nalipa mara mbili. Hilo gauni liweke kando."

"Hapana, bwana."

"Mara tatu."

"Kesho, hapana. Jumatano, ndiyo."

"Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo."

Mkandarasi akarudi garini na kitambaa chake. Moyo wa Fundi ulilisindikiza gari lile mpaka mwisho wa mtaa. Miguu yake ilibaki juu ya kanyagio.

Na Jumamosi asubuhi, alipovua subana ili ashone vifungo, sindano ikamwingia kidoleni hadi karibu na mfupa. Yako maneno ambayo mafundi huyasema saa kama hiyo, na yeye aliyajua yote, mengine akiwa ameyatunga mwenyewe. Yakaja mlangoni kwa vurugu. Akakiinua kidole, akakitazama, akasema:

"Sindano hii ni kali."

Kinyozi alishuhudia baadaye kwamba hajasikia neno zito kuliko hilo kwa mtu aliyejeruhiwa.

Saa kumi ilipotimia, Mkunga aliingia. Gauni lilikuwa limetundikwa, limepigwa pasi, la kijani, refu, lenye kola iliyosimama kama mlinzi. Akaligeuza ndani nje. Akavuta mishono. Akajaribu kila kifungo. Akatafuta kasoro kwa bidii ya mtu aliyeahirishiwa mara nyingi, na asipoiona akabaki amelishika tu.

"Limekwisha," akasema.

"Ndiyo."

Kinyozi alikuwa amekwisha kufika mlangoni na wembe, na nyuma yake mteja mwenye ndevu upande mmoja, ili mashahidi wasipungue. Naam, iandikwe na wenye kuandika, isomwe na watakaokuja: katika kipupwe cha mwaka ule, bila kiapo, bila mbingu kuitwa wala mfu kusumbuliwa, gauni lilikwisha siku iliyosemwa kwamba litakwisha. Kinyozi akarudi kwake, akaitazama saa yake ya ukutani, iliyokuwa ikionyesha saa kumi kasorobo, akaisogeza mbele. Maana sasa alikuwa na cha kuirekebishia.

Pazia likafunguka.

"Kola imekaa," akasema mama. "Pindo lingeongezwa kidogo."

"Mama. Umesema."

"Nimefufuka. Nimefufukia kwenye pindo fupi." Akamtazama Mkunga. "Mwanangu, keti tunywe chai. Hii nimeinunua mwenyewe. Halafu mtoto wa kesho ni wa nani? Na jana mbona mwenye duka la vyuma alifunga mapema? Na hii chumvi mnayouziwa hapa, mbona haikolei?"

Akaendelea hivyo mpaka vikombe vilipopoa, na Fundi, akiwa ameegemea cherehani yake na kidole kimefungwa kipande cha kijani, hakutamani akome.

Kabla jua halijazama alibisha hodi kwa Mkunga, na mfuko mkononi.

"Ni nini tena?" akauliza Mkunga mlangoni.

"Sukari, na pakiti ya majani ya chai. Ni rambirambi zako." Akaunyosha mfuko mbele. "Mama yangu hakufa."

"Nimemwona, Fundi. Ameninywesha chai."

"Najua. Lakini mimi sikuwa nimekwambia."

Mkunga akaupokea mfuko, akaupandisha na kuushusha kidogo kwa mkono ule uliozoea kukisia uzito wa watoto.

"Ni kilo mbili kamili?"

"Ndiyo."

Nyuma ya bega lake, kwenye ndoano ya ukutani, ilining'inia mizani yake ya kupimia watoto wachanga. Hakuigeukia. Akaichukua sukari, akaiingiza ndani.