Mandhari ya Kapata

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mianda amekubali! Miezi saba ya kazi. Nimenunua dawa za malaria nisiyokuwa nayo, dawa za minyoo, dawa za kikohozi cha watoto, maana yeye anauza katika duka la dawa na sikuwa na sababu nyingine ya kuingia.

Baba yake, Tata Nkongolo, hana neno. Nikajitambulishe kwake Kapata, Jumamosi tarehe 28, saa tano asubuhi. Sharti ni moja: nije na watu wangu. Amemtuma Mianda aniambie, neno kwa neno: "Asikuye peke yake sawa muntu wa kukata courant." Yaani nisije kama fundi wa umeme.

Nimehesabu watu wangu hapa Kolwezi. Mwenye nyumba wangu: hatusalimiani tangu mwezi wa tatu. Mlinzi wa bohari ninapoandika malori: tunasalimiana, lakini hajui jina langu, ananiita Kalamu. Madereva: hawanipendi, kwa sababu naandika saa waliyofika kweli. Kaka yangu kule Kasaji ameanguka na baiskeli, mguu uko ndani ya plasta. Mjomba wa Dilolo amesema atapanda treni. Treni yenyewe haijasema.

Jumla: sifuri. Na kuna injinia mmoja! Mwezi wa pili alifika kwa mzee kumposa Mianda, na jeep nne na mpiga picha. Mzee hakumkataa. Alisema atafikiri. Mpaka leo anafikiri!

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimeokoka. Tangazo mlangoni pa duka la dawa: Klabu ya Matembezi Bila Kuchoka, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, utapata afya, utapata marafiki. Mianda alininyooshea kidole kwenye neno afya. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye marafiki.

Kwa uzoefu wangu, rafiki mmoja huchukua miaka mitatu. Nina siku ishirini na nne na nahitaji kama kumi. Itabidi niende mbio.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Matembezi ya kwanza. Nilivaa viatu vya kanisani, sina vingine. Malengelenge mawili kila mguu.

Klabu ina watu kumi na wanne. Kumi kati yao wako kwenye komite. Rais ni Mama Noëlla, muuguzi, mwanamke mpana anayetembea mbele na filimbi mdomoni. Ndiye hubandika yale matangazo kwa Mianda. Katibu ni Muteba, mwalimu wa jiografia, mwembamba kama antena. Ana daftari. Ameniandika "wa majaribio". Nilimwambia hata mimi kazi yangu ni kuandika, kwa hiyo sisi ni ndugu. Akajibu kwamba yeye huandika kilomita, si malori. Adui!

Mbinu ya leo: kubebea watu maji. Anayekubebea maji utamkumbuka. Nilibeba chupa kumi na moja hadi njia ya Musonoi na kurudi. Matokeo: wote wananijua! Wananiita Tata Maji. Jina langu hakuna aliyeuliza, lakini jina ni jambo dogo.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mbinu mpya, ya hali ya juu. Mtu akikubeba mgongoni, hawezi tena kusema hakujui. Kwa hiyo, baada ya kilomita tatu, nilianguka nikashika kifundo cha mguu.

Alinibeba Ngoyi, dereva wa winchi, mtu mwenye mabega kama mlango. Alinibeba vizuri kabisa. Tulikuwa tunaanza kuzungumza habari za familia. Halafu mbwa akatoka kwenye ua mmoja.

Sikufikiri. Nilishuka nikakimbia. Nilimpita Mama Noëlla na filimbi yake. Nilipogeuka, mbwa alikuwa amekaa chini na Ngoyi naye amekaa chini, anacheka hadi machozi. Akanipigia kelele habari ya mguu wangu, mbele ya klabu nzima: "Kumbe mukulu inapona mbio hivi! Leta hiyo dawa na kwangu, goti inaniluma tangu mwaka jana!" Muteba akatoa daftari, akaandika, akasoma kwa sauti: "Kalumba Gracien. Mguu umeteguka saa moja na dakika tano. Umepona saa moja na dakika tisa."

Angalau sasa jina langu limesomwa hadharani. Ushindi.

Baadaye Ngoyi alinishika mkono akanipeleka kwake kula bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Mke wake alinisimulisha habari ya mbwa mara mbili, kisha akaita majirani nikaisimulia ya tatu. Tulicheka hadi saa nane mchana. Nilirudi nyumbani nimeshiba, na njiani nikakumbuka kwamba sikufanya kazi yoyote. Saa tano nzima zimepotea! Lazima niwe makini zaidi.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Mkutano wa kuchagua njia ya tarehe 28. Muteba alipendekeza kuelekea ziwa la Nzilo, twende na gari nusu ya njia. Mimi nikasimama na kupendekeza Kapata, kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Muteba akauliza Kapata kuna nini cha kuona. Nikasema mandhari. Akasema amefundisha jiografia miaka kumi na tisa, Kapata ni tambarare kama meza. Nikasema hata meza ina upande wa kuona vizuri.

Nilikuwa nimekuja na beseni la mikate, ile ya duara ya kukaangwa, bado ya moto. Nililifunua dakika moja kabla ya kupiga kura. Kura kumi kwa nne! Muteba alikula mikate sita, akapiga kura ya hapana.

Nikaongeza kifungu kimoja. Kwa kuimarisha mgongo, siku hiyo kila mwanachama atabeba chupa mbili za sukari, yaani soda, za Fanta au nyingine, zitakazotolewa na mimi. Mgeni mwenye watu kumi na wanne hawezi kuingia kwa mzee mikono mitupu. Hakuna aliyeshuku. Mama Noëlla aliniangalia kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Mianda amepiga simu. Anataka kujua nani atasema kwa niaba yangu. Kwao, mwenye kuoa hafungui kinywa. Anakaa, anatazama chini, watu wake ndio wanasema. Nikamjibu ni mtu wa masomo, yule mwenye daftari. Akauliza huyo mtu wa masomo anajua? Nikasema atajua siku yenyewe.

Kisha: "Sasa weye Gracien, si ubaulize tu?"

Nikamweleza polepole, kwa sababu wanawake hawajasoma mambo ya mikakati. Mtu ukimwuliza, anaweza kukataa. Mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti na kupewa soda hawezi kukataa. Akacheka. Akasema basi, sawa, Mama Noëlla anapita kesho kuchukua dawa zake za presha, yeye Mianda ana kazi, usiku mwema. Nimemshawishi kabisa!

Baada ya simu nilikaa kitandani nikawaza yule injinia na jeep zake. Nikawaza kiti changu, katikati ya ua, na upande wangu hakuna mtu. Nilimeza ile dawa ya minyoo, ipo nyingi.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

SIKU KUU. Naandika yote kwa mpangilio, vizazi vitauliza.

Saa kumi na mbili walikuwa wamefika wote kumi na wanne, hata wale wawili ambao huwa wanaumwa kila Jumamosi. Vumbi la kiangazi, baridi, moshi unatutoka mdomoni. Dalili zote zilikuwa nzuri. Ngoyi alikuwa amepaka viatu rangi na kufunga zipu ya jaketi hadi kidevuni. Nikamhurumia, labda ana homa. Mama Noëlla alibeba mfuko mkubwa. Muteba alitembea nyuma akisema peke yake, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anasali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mandhari! Niliwaongoza kama mchungaji, na kondoo hawajui kitu.

Malori ya madini yalitupita yakatumwagia vumbi jekundu. Dereva wa mojawapo alinitambua, akapiga honi kwa hasira. Nikampungia mkono.

Kona ya mwisho nilivaa koti langu la kanisani. Nikasimama mbele ya geti la buluu, nikatangaza: tupumzike hapa kidogo, mandhari iko nyuma ya nyumba hii.

Geti likafunguka. Ndani, watu ishirini wamekaa kwenye viti vya plastiki, nguo za sherehe, vichwa vimefungwa vitambaa. Tata Nkongolo katikati, mwenye fimbo. Yeye huzungumza habari za Kasai, mkoa wa asili yao, kama mtu aliyeondoka jana, ingawa ni babu yake ndiye aliyekuja na treni kufanya kazi ya mgodi. Akatutazama. Tulikuwa wekundu kuanzia nywele hadi viatu. Shangazi wa Mianda akatunyooshea kidole, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Aba bantu njo banani? Banatoka mu shimo?"

Nilikuwa na sentensi tayari. Nimeifanyia mazoezi wiki tatu. Nilifungua kinywa, haikuwemo.

Nikaona kiti changu, cha buluu, peke yake.

Hapo nyuma yangu nikasikia zipu. Ngoyi anavua jaketi. Ndani, shati jeupe na tai! Mama Noëlla ameshatoa kitenge mfukoni, anakifunga juu ya suruali ya michezo, kingine kichwani. Akapuliza filimbi mara moja, kwa upole. Klabu nzima ikaingia kwa mstari, ikapiga magoti kidogo mbele ya mzee, kila mtu akaweka chupa zake mbili miguuni pa shangazi, akakaa. Viti havikutosha! Waliazima kwa jirani!

Kisha Muteba akasimama. Akatoa karatasi nne, zimeandikwa pande zote mbili.

Alisema jina lake na cheo chake. Alisoma majina yetu sote na saa tuliyoondoka. Alisema amemfuatilia mtu huyu Kalumba kwa wiki tatu nzima na ana maandishi. Mtu huyu alibeba maji ya watu kumi na mmoja bila kuombwa. Ni mwongo, akasema, lakini hana ufundi, kwa hiyo binti yenu atajua kila kitu siku hiyo hiyo. Na miguu yake ni mizima, kwa hilo mbwa mmoja wa mjini ni shahidi.

Ua wote ukacheka. Mimi nilitazama chini kama inavyotakiwa. Nadhani ilikuwa aina ya sifa.

Tata Nkongolo hakucheka. Alimwuliza Muteba: "Munatoka Kolwezi na mikulu?"

Ndiyo, Tata, kwa miguu.

"Njia yote?"

Muteba akamwonyesha daftari.

Mzee akalisoma. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba yule wa jeep alileta watu kumi na wawili. "Nilibauliza mumoja mumoja. Banne balikuwa bashofere, mumoja wa photo. Benye kumujua yeye balikuwa babili, na bale babili balikuwa na haraka." Akageukia upande wetu, akatutazama tulivyokuwa tunavuja jasho jekundu kwenye viti vya watu. "Aba habana haraka."

AMEKUBALI! Mahari tarehe 9 Agosti!

Kabla ya chakula Muteba alimwomba mzee ruhusa ya kuona mandhari. Mzee hakuelewa, lakini ni mtu wa adabu, akatupeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na tuta la mboga za lengalenga, tangi la zamani lenye kutu, na mihogo inakaushwa juu ya bati. Muteba aliitazama dakika nzima, mikono nyuma. Akaandika: "Mandhari: imeonekana."

Njia ya kurudi Ngoyi aliniwekea mkono begani, mzito kama winchi yake. Akaniambia Mianda alimwambia Mama Noëlla jana, na jioni klabu nzima ilikuwa inajua. Muteba hakulala, anaandika. "Ungetuuliza tu, bwana. Siku ya kwanza tu. Tungekuya." Mama Noëlla akasema mimi ni mjinga, lakini sasa ni mjinga wao, na siku nikihitaji kitu nifungue kinywa niseme. Nikaahidi mbele ya wote. Muteba akafuta neno "wa majaribio".

Nilibaki nyuma kidogo hapo njiani. Vumbi liliniingia machoni, macho yote mawili.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango ulikuwa imara kiasi kwamba hata watu waliojua kila kitu hawakuweza kuuharibu! Kama ningewauliza, nani anajua ingekuwaje.

Sasa jambo la nyumba. Mianda hawezi kuishi kwa mwenye nyumba ambaye hatusalimiani naye. Nina kiwanja kule Kanina, na bado ni majani matupu. Nahitaji mikono kumi na minne, hapana, ishirini na minane.

Leo saa sita nimeandika kwenye WhatsApp ya klabu. Jumamosi tarehe 12 Julai, matembezi maalumu ya Kanina. Hewa safi. Mazoezi ya mabega na mgongo. Kila mwanachama aje na jembe au beleshi, kwa kujisawazisha wakati wa kutembea. Wenye kutaka kupumzika watakuta matofali ya kubeba.

Dakika ya pili wote kumi na wanne walikuwa wamejibu kwamba watakuja. Mama Noëlla ameweka alama ya filimbi. Ngoyi ameuliza kama alete simenti, kwa ajili ya mgongo.

Muteba ameuliza kitu kimoja tu: ni msingi wa nyumba, au tunaanza na choo?

Nikamjibu kwamba ni mandhari. Hajashuku kitu.