Korongo Kipara Apata Sitini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa tajiri. Hela bado hazijafika, lakini hayo ni mambo madogo.

Nieleze vizuri, ili siku wakija kuandika maisha yangu wasibabaike. Mjomba ana duka la sarafu za zamani, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Mimi ni mkono wake wa kulia, yaani nafagia, nafuta vioo na kuchemsha chai. Tunalala humohumo, nyuma ya pazia. Sarafu inayotafutwa kuliko zote ni ya korongo: ya fedha, ina ndege amesimama mguu mmoja. Mpimaji huitazama, anaipa alama kama ya mtihani, mwisho sabini, halafu anaifungia kwenye kasha la plastiki lenye lebo. Mimi shuleni sikuwahi kuvuka thelathini. Laiti wangenifungia kwenye plastiki mapema.

Mjomba ana korongo mmoja mwenye sitini na tano. Manyoya yote ya kifua yanaonekana, moja moja. Kamtunza tangu ujanani na hakuoa. Anamwita Bibi Harusi.

Leo kaniambia mwenye jengo anauza vyumba. Chetu tumewekewa mpaka katikati ya mwezi. Korongo wa sitini na tano ana bei ya gari dogo lililotumika. Mjomba akijumlisha na akiba yake, chumba kinakuwa chetu. Bibi Harusi asipouzwa kwa bei yake, tunatoka na magodoro. Aliposema magodoro alilitazama la kwangu.

Ndipo akili ikafunguka. Kwenye kikapu cha mlangoni kuna korongo kibao waliochakaa, vifua vitupu kama kuku aliyechovywa maji ya moto. Mjomba anawauza bei ya peremende. Na ghorofa ya chini kafungua mpimaji mpya.

Jumanne, 4 Machi

Mpimaji mpya watu wanamwita Huruma. Unapeleka asubuhi, unachukua jioni, kama nguo za dobi.

Nilimpelekea korongo kadhaa ndani ya soksi. Kavaa miwani, kavua, kaniuliza, kijana, ungependa wapate ngapi? Nikadhani ni mtego. Jasho likanitoka hadi magotini. Nikasema kwa adabu, shikamoo tena mzee, sitini na tano isingekuwa mbaya. Akasema haina shida mwanangu, wapimaji wengine wana roho ngumu, yeye hapendi kuona mteja akitoka kanuna.

Jioni wote wamefaulu. Darasa zima. Hata yule mwenye jeraha la shingo, ambaye Mjomba aliwahi kumwangushia mkasi, kapata sitini na tano. Makasha yanang'aa, lebo za dhahabu. Kasha la Bibi Harusi lina mikwaruzo na lebo imepauka. Ukiwaweka pamoja, wangu wanaonekana watu wa maana, yeye anaonekana anaomba nauli.

Nilipanda ngazi moyo ukidunda. Si woga. Ngazi ni ndefu.

Mpango wangu: siku ya mwisho namwekea Mjomba mfuko wa hela mezani, nasema chukua chumba, na Bibi Harusi baki naye. Atalia. Nimeshachagua leso ya kumpa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejiunga na grupu la wakusanyaji kwenye simu kwa jina la Sultani wa Korongo. Humo Mjomba hanioni. Simu yake ni ya vitufe na anaitumia kuangalia saa.

Grupu lina utaratibu mzuri. Sarafu ikiuzwa, msimamizi anabandika bei, na hiyo ndiyo inakuwa bei ya alama hiyo hadi nyingine iuzwe. Hakuna anayetazama kifua cha ndege. Wanasoma lebo.

Nikamtangaza Jeraha, yule wa shingo. Picha niliipiga kwa mbali kidogo, mwanga wa jikoni. Mtu mmoja akaniuliza kwa upole, ndugu Sultani, unataka ngapi? Nikaogopa kutaja gari. Nikataja pikipiki. Akakubali kabla sijapumua. Nimetuma kasha kwa mtu wa mizigo, hela imeingia.

Msimamizi kabandika: korongo sitini na tano, bei ya pikipiki. Sikuona ubaya wowote. Mwanzo mzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Stempu kajua.

Stempu ni kijana wa duka la stempu, mlango unaotazamana na wetu. Ana dirisha na anajisikia kwa sababu ya dirisha. Kaniona na kasha, kaniuliza, we bwana, haya mayai unatagia wapi? Nikamwambia aende akalambe stempu zake. Akacheka, akashuka ngazi akipiga mluzi. Jioni naye anapanda na soksi.

Soksi yake ni ndefu. Ya kuchezea mpira.

Jumatatu, 10 Machi

Grupu limejaa korongo. Stempu anaitwa humo Mfalme wa Korongo, jina la wizi. Nauza kwa bei ya pikipiki kuukuu, yeye anauza kwa baiskeli. Mimi nashusha, yeye anashusha. Msimamizi anabandika, anabandua. Kuna mzee mmoja kaandika kwamba amekusanya miaka mingi na hajawahi kuona korongo wengi wenye sitini na tano kama wiki hii, je, wamezaana? Watu wakaweka vicheko. Mimi nikaweka kicheko pia, ila nilikuwa nimejifunika blanketi.

Mchana Mjomba alikuwa anampangusa Bibi Harusi kwa kitambaa laini, juu ya plastiki tu. Kaniuliza mbona sili. Nikasema nafunga. Kaniuliza mbona basi nimemaliza mkate. Huyu mzee anachunguza mno.

Jumatano, 12 Machi

Mwandiko wa leo mnisamehe.

Mjomba kaniambia mnunuzi wa Bibi Harusi anakuja Jumamosi. Ni Jicho, yule tajiri ambaye lenzi haimtoki shingoni. Alimwona Bibi Harusi mwaka jana, akasema siku ukimuoza mimi ndiye mkwe. Nikauliza kwa sauti ya kawaida, ambayo ilitoka kama ya paka, kwani huyo Jicho hununua na kwenye simu? Mjomba akasema ndiyo, kwa wateja wake, ila ni mtu makini.

Nikaenda chooni kufungua simu. Aliyenunua Jeraha ni Jicho.

Halafu nikatazama bei ya korongo wa sitini na tano. Ipo kwenye baiskeli, tena isiyo na kengele. Nikakaa palepale. Mpaka dakika ile sikuwa nimewaza kwamba Bibi Harusi naye ni korongo wa sitini na tano. Nilidhani bei yake ipo kwenye kasha lake, pamoja naye, imefungwa.

Mtu aligonga mlango wa choo. Nikajibu sipo.

Alhamisi, 13 Machi

Usingizi hakuna, lakini ubongo upo. Dawa ni hii: bei inashuka kwa sababu wanaouza ni wengi. Basi ninunue mimi. Ninunue juu, msimamizi abandike juu, Jicho akija akute gari.

Nimefungua jina jipya, Mkwasi. Mkwasi kanunua korongo wote wa Stempu kwa bei ya pikipiki. Hela yote ya Sultani imekwisha, na ile ya leso. Msimamizi akabandika pikipiki. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Baada ya chakula Stempu kanipita koridoni anakimbia. Nikamuuliza anawahi wapi. Akasema kwa furaha kabisa, mwanangu, kuna fala mmoja anaitwa Mkwasi ananunua hata korongo wasio na kichwa, fanya haraka. Alikuwa na foronya.

Ijumaa, 14 Machi

Foronya imepimwa yote. Sitini na tano, kila mmoja. Huruma kaajiri msaidizi.

Bei: kiti cha baiskeli.

Nimejaribu kuugua. Mjomba kanishika paji la uso, kasema niko mzima, kesho nivae shati jeupe, nitakuwa napokea wageni. Halafu akaniambia jambo ambalo afadhali angenichapa. Kasema chumba kikiwa chetu, jina langu litakuwa ubaoni nje, chini ya lake. Ameshamwambia mchora mabango.

Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema asante.

Jumamosi, 15 Machi

Jicho kaja. Mfupi, mpole, lenzi kifuani kama filimbi ya refa. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, kisha chini ya kaunta nikitafuta kitu, kisha Mjomba kaniita nikawa tena nyuma ya kaunta.

Akamtazama Bibi Harusi kwa muda. Shati jeupe liliganda mgongoni. Mwisho akashusha lenzi, akasema mzee mwenzangu, ni yuleyule, hana hata unyoya uliopungua. Mjomba akatabasamu kama mtoto. Jicho akasema kwa hiyo nisamehe kwa bei nitakayotaja.

Akaitaja. Mjomba akadhani kasikia vibaya. Akasema mwaka jana ulisema gari. Jicho akasema mwaka jana sitini na tano ilikuwa sitini na tano. Leo akimpelekea mteja korongo mwenye alama hiyo, mteja anacheka, anamwonyesha simu. Wapo waliosema hawanunui tena sarafu yoyote, hata za simba. Akasema sarafu ni ileile, mzee, ila alama ndiyo imekufa. Halafu akatia mkono mfukoni, akasema yeye mwenyewe kaumwa na nyoka huyu, mteja kamrudishia kwa matusi.

Akaweka mezani kasha linalong'aa, lebo ya dhahabu.

Mjomba hakuhitaji lenzi. Aliiona shingo. Aliangalia shingo, akaangalia mkasi kwenye msumari, akaenda mlangoni, akaleta kile kikapu na kukiweka mbele yangu. Kilikuwa kitupu, kuna vumbi na kifungo. Akaniuliza polepole, mpwa wangu, yule korongo wa jeraha yuko wapi?

Nikasema labda ameruka.

Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki nyuma ya pazia. Nilingoja kofi, halikuja. Nilingoja kelele, hazikuja. Alinitazama tu, na nilitamani kasha la plastiki liniangukie, nifungwe, nipewe alama yoyote ile, hata tatu.

Mjomba kauza. Jicho alimwongezea kwa aibu, ikafika pikipiki. Mjomba akamfunga Bibi Harusi kwenye kitambaa chake laini, akampa. Kitambaa hakukidai.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenye jengo kasema kwa hela hiyo anaweza kutuuzia nusu. Mafundi wamekuja na plaiwudi, wamekata duka katikati kama mkate. Nusu ya pili kanunua bosi wa Stempu, kuongeza duka lake.

Nusu yao ndiyo yenye sinki. Tukitaka kuchemsha chai tunabisha hodi. Stempu anaitikia kwa kuvuta neno, kariiibu, na kuniuliza nimekuja na ndoo yangu au ananiazima.

Pazia halipo tena. Mjomba analala juu ya kaunta, mimi chini yake. Akigeuka, mbao zinalia juu ya uso wangu, nami nafumba macho nikisubiri aniulize tena korongo yuko wapi. Haulizi. Bango la nje halijachorwa. Mchora mabango alipita na rangi zake, Mjomba akamwambia bado.

Kila asubuhi kabla ya kufungua anaweka sarafu moja mkononi mwangu, haina kasha wala lebo, na kusema niambie unaona nini. Leo nilisema naona sitini. Kachukua sarafu, kasema kesho tena.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeelewa. Asubuhi, nikiwa na sarafu mkononi, nimeelewa kila kitu.

Tatizo si alama. Tatizo ni kwamba watu hawaziamini alama. Hivyo wanachohitaji ni mtu wa kuaminika wa kuzithibitisha. Unachukua kasha lenye sitini na tano, unabandika juu yake stika ya nyota, maana yake hii ni sitini na tano ya kweli. Bei inarudi kwenye gari. Mtu wa kuaminika ni mimi, nina shati jeupe.

Stempu nimemsamehe kibiashara. Anajua gundi, kule kwao gundi ndiyo maisha. Kasema ana nyota zinazoshika mpaka kiama, kaniletea kipande cha majaribio. Tumekubaliana tutampa nyota Bibi Harusi, hukohuko aliko kwa Jicho, kwa heshima. Wale vipara wa Mkwasi nao watapata. Ninao wengi, na kuwabagua si vizuri.

Swali moja lilinikosesha raha: na Huruma naye akianza kubandika nyota? Jibu nimelipata. Sisi tutatoa nyota mbili.

Naandika haraka. Mjomba anarudi, namsikia koridoni, hatua zake nazijua. Nyota ziko mezani wazi. Mfukoni atasikia zikichakarika. Nimezitia mdomoni.

Ameingia. Ameniuliza ninaandika nini. Nimetikisa kichwa. Ameniuliza tena, kwa upole, kama siku ile. Midomo imeshikana, ulimi umegandia juu, macho yananitoka machozi. Mjomba kakaa kwenye kiti, kanitazama, kasema hatimaye, afadhali umejua kunyamaza.

Gundi ni nzuri sana. Nitapandisha bei.