Mgombea Mwenye Jipu Kifuani

Jumapili, 2 Machi
Aibu! Nilisimama kanisani hapa Zombe kuomba kura za uzee wa kanisa, kikohozi kikanikamata. Makohozi yaliyotoka yalinuka kama panya aliyefia darini. Safu nzima ya akina mama ikahama. Mpinzani wangu Kitonga akafungua dirisha. Polepole, ili wote waone! Nikatangaza kwamba nimedhoofika kwa kufunga na kuomba. Wakasema amina. Kwa mbali.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuna tangawizi, karafuu, mwarobaini. Bure. Homa, jasho, ubavu unachoma. Mke wangu Nduku amesema ni hospitali kesho, na pasta atatusindikiza. Nimemsihi amwache pasta. Amekataa.

Jumatano, 5 Machi
Picha imeonyesha jipu ndani ya pafu. Limejaa usaha! Daktari Wangechi akauliza kama nina kifafa, meno mabovu, au nimewahi kulewa nikazima. Pasta ananitazama. Nikasema pombe sijawahi kuonja.

Basi, akasema, huenda ni lile jipu linaloletwa na ugonjwa mwingine: uvimbe unaoziba njia ya hewa, kinga iliyoshuka, au viini vilivyosafiri kwa damu. Itabidi atafute zaidi. Nduku akaanza kulia. "Baba Nzilani, utaniachia nani?"

Sikuweza tena. Nikanong'ona: kaluvu. Ile pombe ya kienyeji, kwa rafiki yangu Mutunga, mwezi jana. Nililala chali, nikatapika usingizini. Daktari akasema, kwa sauti ya kusikika hadi koridoni, kwamba matapishi yaliingia pafuni pamoja na viini vya meno yangu yaliyooza. Majipu mengi ya pafu huanza hivyo.

Nduku akafuta machozi. Akaniangalia tu. Afadhali angelia.

Jumapili, 16 Machi
Kitonga amechaguliwa. Amekuja wodini nilikolazwa na uji wa wimbi, akaniombea kwa huruma ya kweli. Hakutaja kaluvu hata mara moja. Nilijifunika shuka hadi usoni.

Jumamosi, 5 Aprili
Niko nyumbani. Homa imeisha, pumzi hainuki, meno mabovu yameng'olewa. Vidonge bado ni vya wiki kadhaa. Muuguzi alinionya: pombe marufuku, na nilale kichwa kikiwa juu.

Nimetafakari sana hilo la pili. Leo Mutunga anamwoza binti yake. Naenda. Nimebeba mito miwili.